Asili ya Mbwa na Udhuru wa Mtu

Dominika moja, watu walipokuwa wakitoka katika sala, wanaume wawili wa mtaa wetu walitujia wakigombana. Mmoja alikuwa amepoteza kuku wanne, walioliwa na mbwa wa jirani yake, naye alitaka alipwe. Mwenye mbwa alikataa. Alisema: «Mwalimu, siye mimi niliyekula kuku. Mbwa ni mnyama wa porini tangu asili. Wazee wake walikuwa wawindaji, naye ni mwindaji. Ndiyo maana simpi chakula; huko porini nani alimpikia? Ajitafutie mwenyewe. Akikutana na kuku, atamla tu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.» Watu wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao.

Lakini mke wa bwana yule alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wengine, amejifunika kikwembe mpaka usoni. Jicho lake moja lilikuwa limevimba. Mama mmoja mzee, asiyeogopa mtu, akamwuliza yule bwana: «Na jicho hili, baba, ni mbwa pia?» Kicheko kikakatika. Bwana yule akainama, akajibu kwa sauti ya chini, wala si kwa ubishi: «Mama, baba yangu alikuwa hivyo, na babu yangu vilevile. Ni damu yetu.»

Yeye si mtu wa kudharau dini. Amebatizwa, ameoa kwa sakramenti, na watoto wake wote wanajua sala. Aliyoyasema aliyaamini. Tena neno lake lilituuma sisi wenyewe, kwa sababu miaka michache nyuma tulimkataa mtoto mmoja aliyeomba kuingia katika kikundi cha watumishi wa altare. Baba yake alikuwa amefungwa kwa wizi. Tuliogopa vyombo vya sakristia. Na methali tuliyoitumia siku ile ya kumkataa ilikuwa ile ile: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Basi, wapenzi, swali ni hili: je, asili ya kiumbe ni hukumu yake? Kama wazee wetu walikuwa hivi, je, sisi hatuna njia nyingine ila kuwa hivi? Kama ndivyo, hakuna haja ya kuungama, wala ya kuwafundisha watoto, wala Mwokozi hakuwa na kazi ya kufanya duniani. Kwa hiyo neno hili si dogo. Na kwa kuwa bwana yule alimchukua mbwa awe shahidi wake, sisi nasi tumwite shahidi huyo huyo, tumsikilize mpaka mwisho.

NANI BABU WA MBWA?

Sisi wa nchi hizi tukisikia jina «mbwa mwitu» twafikiri yule mnyama wa mbugani mwenye madoa meusi, meupe na ya kahawia, mwenye masikio mapana ya mviringo, awindaye kwa makundi. Huyo si babu wa mbwa wetu. Ni wa ukoo wa mbali. Tazama nyayo zake: mguu wake wa mbele una vidole vinne tu, na mbwa anavyo vitano. Wengine walidhani ya kwamba babu ni bweha. Hata Konrad Lorenz, mtaalamu mashuhuri wa Austria, aliandika karibu na mwaka 1950 ya kwamba mbwa wengi wametokana na bweha. Baadaye yeye mwenyewe akaliacha wazo hilo.

Babu wa kweli ni yule mbwa mwitu wa kaskazini, mwenye manyoya ya kijivu, ambaye hatumwoni katika Kongo yetu. Anaishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Wafaransa humwita «loup». Ndiye aliyekuwa akilini mwa Bwana wetu alipotuonya juu ya manabii wa uongo wanaovaa ngozi ya kondoo. Wenye elimu wamezichunguza mbegu za urithi, yaani jeni, za mbwa na za mnyama huyo, wakaona ni ndugu wa damu. Walakini mbwa mwitu wale hasa waliozaa mbwa wamekwisha kutoweka. Hawa waliopo leo si babu wa mbwa; afadhali tuseme ni ndugu zake waliobaki porini.

Utengano huo ulitokea zamani sana, kabla watu hawajajua kulima wala kufuga ng'ombe au mbuzi. Mwaka 1914, huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, wafanyakazi wa machimbo ya mawe walikuta kaburi lenye umri wa miaka kama 14.000. Ndani yake walilala mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga wa miezi kama saba. Miaka ya karibuni meno ya mbwa huyo yamechunguzwa vizuri, na yalionyesha alama za ugonjwa mkali unaoua watoto wa mbwa. Aliugua majuma mengi kabla ya kufa. Mtoto wa mbwa katika hali ile hali mwenyewe, hawindi, halindi nyumba. Hangeliweza kuishi majuma yale bila mtu wa kumlisha, kumpa maji na kumpa joto. Maana yake ni kwamba, kabla ya jembe na kabla ya mji wowote, palikuwa na watu waliokaa usiku na mbwa mgonjwa asiyewafaa kitu, na alipokufa hawakumtupa.

Tukumbuke kaburi hilo tunaposikia maneno ya «huko porini nani alimpikia?»

ALIYOYARITHI

Bwana yule hakusema uongo mtupu. Mbwa amebeba mengi kutoka porini.

Tazama meno yake: yale marefu ya kushika, na yale ya nyuma ya kukata nyama kama makasi. Tazama anavyokula: anameza kwa haraka kana kwamba chakula kitakimbia. Mbwa mwitu wa kaskazini aweza kumeza hata kilo 9 za nyama kwa mara moja, kisha akakaa siku kadhaa bila kupata kitu. Kwa hiyo mbwa wa nyumbani, hata akishiba, bado anakula kama mtu asiyejua kesho yake. Mpe mfupa baada ya kushiba, naye ataufukia kwenye bustani ya mama, kama vile mababu walivyoficha mabaki ya mawindo.

Mbwa wetu wa misitu ya Kongo amehifadhi mambo ya kale kuliko wengi. Ni yule mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye Wazungu walimpeleka Ulaya katika miaka ya 1930 wakamwita «basenji», jina ambalo masikioni mwetu linalia kama tusi. Huyo habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti kama ya kuimba. Ndiyo sababu wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua alipo. Tena jike lake kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka, kama mbwa mwitu wa kaskazini, ambapo mbwa wengi wengine hupata mara mbili.

Lakini tuangalie urithi mwingine, ambao bwana yule hakuutaja. Mbwa akikuona umerudi kutoka shambani anakurukia, anataka kukulamba midomo. Kwa nini midomo? Huko porini mbwa mwitu dume na jike hurudi kutoka mawindoni na nyama tumboni. Watoto wao hukimbia na kuwalamba midomo, na wazazi hutapika nyama hiyo mbele yao wapate kula. Dume humletea hivyo hata jike aliyebaki pangoni na watoto wachanga. Sisi wakristu tumezoea maneno ya kitabu cha Mithali, ambayo Mtume Petro aliyakumbusha, juu ya mbwa arudiaye matapiko yake. Na kwa mtu aliyeacha dhambi kisha akairudia, ni mfano wa aibu kweli. Lakini kwa mbwa mwitu mwenyewe jambo hilo lilianza kama meza ya watoto. Baba amebeba chakula cha nyumba yake ndani ya tumbo lake mwenyewe.

Na sasa tuongeze neno moja zito. Watu wengi, hata wenye kusoma, husema ya kwamba katika kundi la mbwa mwitu yupo mkubwa mmoja anayetawala kwa meno, na wengine wote hutetemeka. Tena hufundisha ya kwamba mbwa lazima apigwe apate kujua nani ni bwana, na wengine huvuka mpaka kwa mke na watoto. Mafundisho hayo yalitoka wapi? Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu aliowatazama katika bustani ya wanyama ya Basel, katika Uswisi. Wanyama hao walikuwa wamefungwa pamoja mahali padogo, nao waligombana vikali kwa ajili ya ukubwa. Mmarekani mmoja, David Mech, aliandika kitabu kikubwa mwaka 1970, akayarudia maneno hayo. Lakini baadaye alikwenda mwenyewe kaskazini mwa Kanada, akakaa karibu na mbwa mwitu walio huru, kiangazi baada ya kiangazi. Akaona nini? Akaona baba, mama na watoto wao. Wale wanaoitwa wakubwa ni wazazi tu. Wanaongoza kwa sababu walizaa, wanalisha na wanalinda. Mwaka 1999 aliandika waziwazi kusahihisha habari hiyo, na akaomba hata kitabu chake mwenyewe kisichapwe tena.

Mnaona, wapenzi? Vita vile vya ukubwa vilikuwa tabia ya gereza, si tabia ya nyumba. Mwanamume anayempiga mkewe kisha akasema «ni asili ya porini» anamsingizia hata mbwa mwitu. Mbwa mwitu huileta nyama nyumbani kwa mkewe.

ALIYOYAPOKEA MEZANI KWA MTU

Sasa tuje kwenye chakula, kwa maana hapo ndipo bwana yule alipokosea zaidi. Alisema mbwa ni wa porini, kwa hiyo asipikiwe.

Ndani ya mwili mna utomvu fulani uitwao amilasi. Kazi yake ni kuvunja wanga wa nafaka na mihogo ugeuke sukari ya kulisha damu. Mwaka 2013 wenye elimu wa Uswidi pamoja na wenzao walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu. Waliona ya kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayoagiza utomvu huo utengenezwe. Mbwa waliochunguzwa walikuwa na nakala kuanzia 4 mpaka 30. Yaani mbwa alikaa muda mrefu karibu na jiko la wakulima, akala makombo ya uji na ya mkate wao, hata mwili wake ukabadilika, na mabadiliko hayo yakaingia katika damu na kurithiwa na watoto.

Kuna ushahidi mwingine unaoonyesha jambo hilo vizuri. Mbwa wa watu wa kaskazini ya mbali, ambao tangu zamani waliishi kwa samaki na nyama bila kulima, wana nakala chache za jeni hiyo. Dingo wa Australia, aliyefika huko maelfu ya miaka iliyopita kisha akarudi porini, anazo 2 kama mbwa mwitu. Basi kila mbwa amechukua alama ya chungu alichokula. Aliyekula na wakulima amekuwa na tumbo la mkulima. Aliyekula na wavuvi amebaki na tumbo la wavuvi.

Si tumbo tu. Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake huko Marekani walitoa habari ya majaribio rahisi. Walificha chakula chini ya chombo kimoja kati ya viwili, kisha mtu akaonyesha kwa kidole. Mbwa walielewa, na hata watoto wa mbwa wenye majuma machache tu walielewa. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakufaulu kama wao. Wala sokwe, ambaye kwa akili nyingine anampita mbwa mbali. Mbwa amezaliwa akiwa tayari kutazama mkono wa mtu.

Tena kule Novosibirsk, katika Siberia, mwaka 1959, Dmitry Belyaev alianza kazi na mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi zao. Katika kila kizazi alichagua wale wachache wasiomwogopa sana mtu, akawazalisha wao kwa wao. Hakuwafundisha kitu. Baada ya vizazi vichache tu walizaliwa mbweha waliotikisa mkia walipomwona mtu na kumlamba mikono. Baadaye wengine wakawa na masikio yaliyolala na manyoya ya mabaka, kama mbwa. Mnyama mkali wa porini, katika maisha ya mtu mmoja, alizaa wajukuu wapole.

Basi tumsikilize shahidi mpaka mwisho: asili ni mwanzo wa kweli, wala haifutiki yote, lakini hata katika mnyama asiye na akili ya kujiamulia, asili haikukaa kama jiwe. Ilibadilika kwa sababu ya ujirani, ya chakula, na ya mkono wa mtu.

WAJIBU WA MWENYE MBWA

Ikiwa ni sisi watu tuliomtoa porini, hatuwezi kumrudisha porini siku tunapochoka kumlisha. Mbwa wa mtaani hana kundi la kuwinda swala. Ana vifaranga vya jirani na takataka za sokoni. Anayemnyima chakula mbwa wake hamrudishi katika asili. Anamfanya mwizi, kisha anampiga kwa wizi.

Ampe nini? Hahitaji meza ya kitajiri. Bukari iliyobaki yamfaa, kwa sababu tumbo lake limeizoea. Lakini bukari peke yake haitoshi, kwa kuwa meno na damu yake bado vinadai nyama. Uchanganye na ndagala, vichwa vya samaki, mchuzi wa mifupa au matumbo yaliyopikwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana hupasuka kama miiba na kuchoma utumbo. Vitunguu vinaharibu damu yake. Na matumbo mabichi ya mbuzi au kondoo usimtupie hata kidogo, ingawa babu yake alikula mabichi: ndani yake mwaweza kuwa na minyoo ambayo mbwa huieneza kwa mavi yake, na mayai yake yakiingia kinywani mwa mtoto achezaye uwanjani, humletea uvimbe wa hatari katika ini na mapafu.

Lipo na jambo zito kuliko kuku wanne. Kichaa cha mbwa bado kinaua. Shirika la Afya la Ulimwengu linakadiria watu 59.000 hivi kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dawa ya kuzuia ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, mwaka 1885. Basi mwenye mbwa na amchanje kila mara wachanjaji wanapofika. Na aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Wengine watasema: «Mwalimu, mbona maneno mengi juu ya mbwa, na watu wana njaa?» Ni swali la haki. Katekisimu ya Eklezia Katoliki ya mwaka 1992 inatufundisha mambo mawili pamoja: ya kwamba kuwatesa wanyama bila sababu kunapingana na hadhi ya mtu mwenyewe, na ya kwamba si haki kuwatumilia fedha ambazo zingepasa kwanza kuondoa taabu ya watu. Mtoto ale kwanza. Lakini yule mama Mkananayo wa Injili aliijua nyumba vizuri: hata chini ya meza ya watoto kuna makombo, na makombo hayo ni fungu la mbwa.

Na juu ya malipo, Sheria ya Musa ilikwisha kuamua, katika kitabu cha Kutoka, kwa mfano wa ng'ombe apigaye pembe. Kama mwenye ng'ombe alijua tabia ya mnyama wake, wala hakumfunga, hatia ni yake. Tuangalie vema: kuijua asili ya mnyama hakukumwondolea mwenyewe deni, bali kulimwongezea. Bwana yule alisema, «najua mbwa wangu ni mwindaji.» Basi kwa kinywa chake alikubali ya kuwa alipaswa kumlisha na kumfunga.

NA DAMU YA BABA?

Hapo ndipo tunapofika kwenye jicho lililovimba. Sheria ile ile inapita pale pale. Mtu aijuaye hasira ya ukoo wake hana udhuru zaidi ya wengine. Ana wajibu zaidi wa kuifunga.

Hatusemi ya kwamba urithi ni bure. Wapo waliozaliwa na damu ya moto, na wapo waliojifunza ngumi kwa kuiona kila jioni nyumbani mwa baba. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifundisha ya kwamba Ubatizo huondoa dhambi yenyewe, lakini mwelekeo wa kuvutwa na dhambi hubaki ndani yetu, nao umeachwa ili tushindane nao. Mwelekeo huo peke yake si dhambi. Kuufuata kwa kupenda ndiyo dhambi. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alitufundisha ya kwamba neema haiji kulivunja umbile letu, bali kulikamilisha; hasira yenyewe yaweza kuwa nguvu ya kutetea wanyonge.

Tena kati ya mbwa na mtu pana tofauti kubwa. Mbwa hakuchagua kubadilika. Ilimpasa kungoja maelfu ya miaka, na mkono wa mwingine. Mtu amepewa akili ya kujua na hiari ya kutaka, na juu yake neema ya Mungu. Aweza kuanza leo jioni.

Tumtazame Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354. Baba yake, Patrisi, hakuwa mkristu wakati ule. Alikuwa mtu wa hasira kali, tena hakumwaminia mkewe, Mtakatifu Monika. Katika Maungamo yake Agostino anasimulia ya kwamba wanawake wengi wa mji ule walikuwa na alama za mapigo usoni, ingawa waume zao walikuwa wapole kuliko Patrisi. Nao walistaajabu kwamba Monika hakupigwa. Hasira ilikuwamo nyumbani mwa Patrisi, lakini mkono haukuifuata. Kabla ya kufa alibatizwa. Na mwanawe, aliyeifuata kwanza njia ya tamaa za baba, alibatizwa naye Milano mwaka 387, akawa askofu na mwalimu wa Eklezia nzima. Damu ni ile ile.

Mtu asiitumie habari hiyo kuwafunga wanawake midomo. Hatusemi: «Mama, vumilia kama Monika, hutapigwa.» Anayepaswa kubadilika ni mwenye ngumi. Na mama anayepigwa ana haki ya kwenda kwa wazazi wake, kwa padri, na kwa serikali.

Mwenye ngumi afanyeje? Mbwa anatufundisha hata hapo. Mbwa aliyelishwa na kufungwa usiku haui kuku wa watu. Mbwa mwenye njaa aliyeachwa wazi ataua, hata ukimpiga kila asubuhi. Ndivyo ilivyo kwa hasira. Ukijua pombe inaifungua, usipite njia ya baa siku ya mshahara. Ukijua inaanza kwa maneno ya fedha, yaseme maneno hayo mchana, mbele ya mzee mmoja mnayemheshimu wote wawili. Ukisikia mkono unakuwa mzito, toka nje, zunguka nyumba, sali hata Salamu Maria moja. Ungama mara kwa mara, tena utaje dhambi kwa jina lake. Usiseme «nilikosana na mke wangu» hali ulimpiga. Hayo ni kamba na chakula. Neema haitudharau tukitumia kamba.

Wasomaji wapenzi, bwana yule amelipa kuku wawili, na wawili ameahidi baada ya mavuno. Mbwa wake sasa anapata bukari jioni, nasi tumemwona amefungwa. Juu ya nyumba yake hatuna la kutangaza hapa. Tunaisali, na yule mama mzee anapita kwao kila juma kuazima chumvi asiyoihitaji.

Nasi pia tulikuwa na deni. Tulikwenda nyumbani kwa mtoto yule tuliyemkataa altareni. Amekuwa kijana, anafanya kazi ya useremala. Tulipomwomba msamaha alicheka, akasema alikwisha kusahau. Lakini mama yake alikuwa amekaa mlangoni, akichambua sombe, naye hakucheka. Akasema: «Mimi sikusahau, mwalimu. Siku ile mlimhesabia mtoto wangu dhambi asiyoitenda.»

Hatukuwa na jibu, ila kuomba msamaha mara ya pili. Basi, ndugu, mtu akitujia na kusema «ni damu yetu», tusimcheke, wala tusimkubalie. Tumwambie: damu umeirithi, lakini mkono ni wako. Na mtoto wa mtu mbaya akibisha mlangoni petu, tumfungulie kwanza, kwa maana naye amezaliwa mara ya pili kwa maji na Roho Mtakatifu, wala hakuna nyoka aliyezaliwa katika maji yale.